Nyota mbili kwa eval, baada ya miezi minane Mwaloni

Watu wanaandika mapitio ya simu, ya hoteli za Capri Point, ya mabasi ya kwenda Dar. Mimi leo napitia amri moja ya kompyuta ambayo nimekaa nayo miezi minane kwenye kibanda cha dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, na ambayo imenitoa pesa mfukoni. Inaitwa eval. Haina bei wala dalali. Imo tayari ndani ya lugha za kuandikia programu: imo ndani ya JavaScript, imo ndani ya Python, na PHP nayo inayo. Unaipa maandishi, inayasoma kana kwamba ni programu uliyoiandika mwenyewe, inayatekeleza hapo hapo na kukurudishia jibu. Ukiipa "3 * 5500" inakupa 16500. Ndiyo kazi yake yote.

Nieleze kwanza kwa nini niliihitaji, maana wengi wanaoiponda eval hawajawahi kuwa na shida inayoiomba.

Mama mdogo anauza dagaa kwa jumla. Mzigo unashuka na boti kutoka visiwani, Ukara, Kome, Goziba, unapimwa, unapanda lori. Bei yake haitulii. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukijaa taa zinakosa kazi, watu wanalala nchi kavu, mzigo unapungua na bei inapanda. Juu ya hapo kuna pesa ya kuli kwa kila gunia, kuna mteja wa siku nyingi ambaye lazima apunguziwe, kuna anayechukua zaidi ya magunia kumi. Kwa kifupi, kila wiki mbili hesabu yenyewe inageuka, siyo namba tu. Nilipomwambia nitamtengenezea mfumo wa mauzo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na mbalamwezi ikiingia, mwanangu, nitakuwa nakupigia simu kila mara?"

Nikamjibu hapana. Nikamwekea kisanduku, na ndani yake sentensi moja:

kilo * bei - magunia * ubebaji

Hiyo ndiyo kanuni. Haikuwa ndani ya programu, ilikuwa maandishi tu yaliyohifadhiwa pembeni, na kila mauzo yakifanyika eval inayasoma upya. Majina ni ya Kiswahili kwa sababu ndivyo nilivyoyaita, na eval ya JavaScript ukiiita moja kwa moja inaona majina yote yaliyo pale ilipo. Kazi ambayo ningeiandikia kurasa, ikaisha kwa mstari mmoja. Nilijiona fundi.

Na niitendee haki. Mbalamwezi ya kwanza ilinikuta kwenye meli naelekea Nansio. Mama mdogo akapiga simu, nyuma yake nasikia kuli wanasukumana. Bei imepanda mia tatu, afanyeje? Nikamwelekeza herufi kwa herufi mpaka akafika kwenye mabano. "Mabano ndiyo yapi?" Nikamwambia ni yale kama miezi michanga miwili inayotazamana. Akaandika kilo * (bei + 300) - magunia * ubebaji, akabonyeza, risiti ikatoka sawasawa. Sikugusa seva, sikuzima kitu, nilikuwa katikati ya ziwa. Nyota moja katika zile mbili ni ya siku hiyo.

Sasa tuje kwenye mengine.

Kisanduku cha bei nacho nilikipitisha kwenye eval, ili mtu akitaka aandike 5200 + 300 badala ya kujumlisha kichwani. Siku ya kwanza kabisa, karani akaandika 5,500 kama anavyoandika kila mtu nchi hii. JavaScript ikasoma 500. Kwake mkato siyo alama ya elfu, ni alama inayosema "fanya cha kushoto, kisha fanya cha kulia, nipe cha kulia". Kwa hiyo 5 ikatupwa, ikabaki 500. Hilo lilionekana papo hapo kwa sababu ni kubwa, dagaa kwa bei ya karanga. Nikaongeza mstari wa kufuta mikato kabla ya hesabu, tukacheka, kazi ikaendelea. Ningekuwa na akili ningejiuliza siku ile ile ni nini kingine ambacho sisi tunakiandika hivi na mashine inakisoma vile.

Miezi saba ikapita salama. Kisha karani wetu akaenda kujifungua, akaja kushika nafasi mzee mmoja aliyekaa miaka mingi kwenye mizani ya pamba huko Magu. Mzee wa mwandiko mzuri, peni mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. Kule kwenye pamba, uzito unaandikwa tarakimu tatu wakati wote. Arobaini na tano ni 045. Sababu yake ni nzuri na imetokana na kuumwa: ukiandika 45 tupu, mwenye nia mbaya anachomeka 1 mbele, gunia linakuwa la kilo 145, na sahihi iliyopo pale chini ni yako. Sifuri ni kufuli.

Mzigo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa magunia sita ya mnunuzi wa Bujumbura. Akaandika kwenye kisanduku cha kilo:

045+048+052+049+047+051

Mfumo ukasema kilo 256. Ukazidisha kwa 5,500, ukatoa risiti, lori likapakia, likaondoka saa nane mchana.

Jioni mama mdogo anapitia daftari. Hakutumia kikokotoo. Alitazama tu ile 256, akasema, "Magunia sita, kilo mia mbili hamsini na sita? Kwa hiyo gunia langu siku hizi ni kilo arobaini na mbili?" Hana gunia chini ya arobaini na tano, na anajua hivyo kwa mgongo wa kuli, anavyoinama. Tukajumlisha kwa mkono nyuma ya boksi la biskuti. 292. Zimepungua kilo 36, na 36 mara 5,500 ni shilingi 198,000.

Nikapiga simu. Zamani lori la Burundi ungelikuta bado Kigongo linasubiri kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lipo, na jamaa alikuwa ameshaipita Geita. "Dada," akaniambia kwa upole kabisa, "risiti mmetoa wenyewe." Hakuwa na kosa.

Usiku ule sikulala. Wizi wa kibinadamu ungekuwa na mpangilio, ungechota kidogo kila gunia. Huu ulichota kwa baadhi na kuacha wengine. 048 ilibaki 48, 049 ilibaki 49. Lakini 045 ilikuwa 37, 047 ilikuwa 39, 051 ilikuwa 41 na 052 ilikuwa 42. Ya arobaini inapoteza kilo nane, ya hamsini inapoteza kumi. Nilipoona nane ndipo nikajipiga kofi.

Namba inayoanza na sifuri, JavaScript inaisoma kwa msingi wa nane. Ni urithi kutoka lugha ya C ya miaka ya 1970, enzi ambazo watu wa mashine walihesabu kwa nane kila siku. Makumi manne yanakuwa manane manne: 4 mara 8 ni 32, ongeza 5, unapata 37. Na kwa kuwa msingi wa nane hauna tarakimu 8 wala 9, ikikuta 048 inaona hii haiwezi kuwa ya nane, inarudi kwenye kumi kimya kimya. Haikuonyi, haikuulizi. Sheria mbili kwenye mstari mmoja, na inayochagua ni tarakimu ya mwisho ya gunia la dagaa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba lugha hiyo hiyo, ukiiomba igeuze maandishi yale yale kuwa namba kwa Number("045"), inakupa 45 bila ubishi. JSON.parse, amri yake nyingine ya kusoma data iliyoandikwa, inakataa kabisa, inasema hiyo siyo namba halali. Na kama ningeweka "use strict", tamko la kuiomba lugha iwe kali, juu ya programu yangu, jambo lililoruhusiwa tangu 2009, eval ile ingeikataa 045 kama kosa la sarufi. Sikuweka. Kwa hiyo lawama tugawane: JavaScript ilihifadhi mtego, mimi nikamkaribisha mzee wa watu akanyage.

Asubuhi nilikwenda kumwona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia nimekula kilo thelathini na sita."

Nikamwonyesha kwenye skrini: anaandika 045, inatoka 37. Akajaribu mwenyewe mara tatu, na mara ya mwisho akaisogeza miwani. "Kwa hiyo mashine yako haiijui sifuri."

"Inaijua mno, mzee. Ndiyo shida."

Kuna na la tatu, nilitaje haraka kwa sababu ni aibu ndogo. Mama mdogo alitaka bei ikiwa 6000 basi ubebaji uwe juu yake. Akajaribu kuandika mwenyewe, akaweka bei = 6000 ndani ya kanuni, alama moja ya sawasawa, kama tulivyofundishwa wote darasani. Kwa JavaScript hilo siyo swali, ni agizo. Eval ikaipandisha bei kuwa 6000 kwa kila mteja aliyefuata mpaka jioni. Kanuni ya mteja mmoja imebadilisha programu nzima, kwa sababu eval haiketi sebuleni, inaingia mpaka jikoni na kufunua masufuria.

Baada ya hapo nikahamisha hesabu zote kwenye seva, kwa Python, nikitumia eval ya Python. Hii nayo naipitia, maana watu wanadhani jina moja ni kitu kimoja.

Kwa adabu, ya Python imezidi. Ukiipa 045 inagoma na kusema wazi kwamba sifuri za mbele haziruhusiwi. Ukiipa bei = 6000 inagoma pia, kwa sababu eval yao inapokea hesabu zenye jibu tu, maagizo yana amri yao nyingine, exec. Hapo nilifurahi. Kisha nikajaribu risiti ya mazoezi, nimesahau kuhamisha ule mstari wangu wa kufuta mikato. Bei 5,500. Python haikutupa 5. Ilisema hizi ni namba mbili zilizofungwa pamoja, 5 na 500. Nikaiambia izidishe kwa kilo 292. Kuzidisha fungu kwa Python ni kulirudia, basi ikalirudia mara 292. Printa ya risiti ikaanza kutema karatasi: 5, 500, 5, 500, 5, 500, mpaka ikafika sakafuni, na mtoto wa jirani akaanza kuikunja kama mkeka.

Lakini hayo ni vichekesho. La maana ni lililofanywa na binamu yangu. Yuko mwaka wa pili chuoni, alikuja kukaa kwangu Nyakato wakati wa field. Nikampa akaunti ya karani ajaribu mfumo. Kwenye kisanduku cha kanuni hakuandika hesabu. Aliandika:

__import__('os').listdir('.')

Badala ya jumla ya dagaa, yakatoka majina ya mafaili yote ya seva yaliyokuwa kwenye folda ile, pamoja na la madeni ya wateja. Angeweza kuyasoma. Angeweza kuyafuta. Alikuwa karani tu, mwenye ruhusa ya kuandika kilo.

Nikaona nitaweka uzio. Python inakuruhusu kuiambia eval itumie majina haya tu na isione mengine, pamoja na kuzifungia amri zake za ndani:

eval(kanuni, {"__builtins__": {}}, majina)

Ukurasa mwingi huko mtandaoni utakuambia hiyo inatosha. Binamu alikunywa chai, akarudi na hii:

().__class__.__base__.__subclasses__()

Isome polepole, ni hadithi ya ukoo. Mwanzo ni mabano matupu, hayana kitu ndani. Lakini hata mabano matupu yana aina yao, na aina ina mzazi, na mzazi yule ndiye babu wa vitu vyote ndani ya Python. Ukishamfikia babu unamwuliza wanawe ni akina nani, naye anakutajia wote, na miongoni mwao wamo wanaoshika mafaili na wanaoendesha programu nyingine. Nilifunga mlango wa mbele, jamaa akapitia kwa babu. Na hata nikiziba hapo, kuna mtu ataandika 9**9**9, tisa kwa kipeo cha tisa kwa kipeo cha tisa, namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 369, seva iingie kuikokotoa na Mwaloni nzima isubiri risiti.

Wiki ile ndipo nilipokwenda kusoma kitu hiki kimetoka wapi. Eval imemzidi umri mama mdogo. Ilizaliwa kwenye karatasi ya John McCarthy ya mwaka 1960 kuhusu lugha ya Lisp, na ilikuwa nadharia, ya kuonyesha kwamba lugha inaweza kujieleza yenyewe. Mtu aliyefanya kazi naye, Steve Russell, aliisoma akaona hii inawezekana kabisa, jambo lililomshangaza McCarthy mwenyewe, akaiandika kwa ajili ya mashine ya IBM 704.

Kilichonisimamisha hapo siyo mwaka. Ni kwamba eval ile ya kwanza haikupewa maandishi. Ilipewa orodha zilizokwisha kupangwa, hiki ni kitendo, hivi ndivyo vitu vyake, mti wenye matawi. Mtu aliyekaa mbele ya eval ile aliweza kuutazama mti kabla haujaliwa. Eval zetu hizi za leo zinapokea maandishi mabichi, zinayachambua zenyewe tumboni na kuyatekeleza kwa pumzi moja, wewe hupati nafasi ya kuangalia katikati.

Na sisi watu wa Mwaloni kazi yetu ni ipi kama siyo kuchambua? Dagaa waliokaushwa mchangani wanakuja na mchanga, konokono wadogo, vijiti, mara nyingine kamba ya wavu. Akina mama wanakaa juu ya ndoo zilizofunikwa, wanapepeta, wanachambua, ndipo wanapima. Hakuna anayemwaga gunia la kisiwani moja kwa moja kwenye sufuria. Mimi nilikuwa nimewatengenezea mfumo unaofanya hivyo hivyo, tena kwa kujisifu.

Kwa hiyo nilichofanya ni kuutenganisha uchambuzi na upishi. Python ina maktaba yake ya ndani inaitwa ast. Mstari mmoja,

mti = ast.parse(kanuni, mode="eval")

unakupa mti wa kanuni bila kutekeleza hata herufi. Kisha unautembelea tawi kwa tawi. Ukikuta namba, pita. Ukikuta kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kulinganisha, pita. Ukikuta jina, angalia kama limo kwenye daftari langu la majina: kilo, bei, magunia, ubebaji, mteja. Ukikuta kitu kingine chochote, nukta inayopanda kwa babu, kuita amri, zile nyota mbili za kupandisha namba, simama na ukatae. Yote pamoja ni mistari kama arobaini, na niliimaliza Jumamosi moja huku mvua inanyesha. Mikato ya elfu nafuta kabla, sifuri za mbele naondoa kabla, na kanuni ikizidi herufi 200 siipokei, maana mti wenye kina kirefu mno unaweza kuiangusha Python yenyewe.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayekataa, mimi ndiye ninayechagua maneno ya kukataa. Eval ilikuwa inamtupia mama mdogo aya nzima ya Kiingereza chekundu. Sasa akikosea herufi mfumo unamwambia: "Jina bie silijui. Je, ni bei?" Ile ya kubahatisha neno la karibu ni msaada wa maktaba nyingine ndogo ya Python, difflib. Mama mdogo aliposoma swali lile mara ya kwanza aliitikia kwa sauti, "Ndiyo, bei," kama anamjibu mtu.

Kama unatafuta mbadala wa haraka, ast.literal_eval ni salama kwa kusoma orodha na namba, lakini haikokotoi, ukiipa 45+48 inakataa, kwa hiyo kwangu haikufaa. Wa PHP wajue kwamba eval kwao siyo amri kama amri nyingine, ile orodha ya disable_functions, ya kufungia amri usizozitaka, haiizuii. Lua, lugha ya Wabrazili, ndiyo iliyonivutia zaidi: amri yake ya load, ndugu wa eval, inakubali uipe meza yako ya majina, na maandishi hayaoni majina yaliyo nje ya meza hiyo, ingawa mzunguko usioisha bado utakuua. Kama ningeanza upya na ningekuwa na muda, ningeanzia huko.

Sijaitupa eval. Kwenye laptop yangu naitumia kila siku. Dirisha la kuandika Python mstari kwa mstari kimsingi ndiyo eval yenyewe, inasoma, inatekeleza, inajibu, inasoma tena. Maandishi ni yangu, mashine ni yangu, nikiharibu nimejiharibia. Nyota ya pili ni ya hapo. Tatu zilizobaki siwezi kuzitoa kwa kitu kinachoamini chochote kilichoandikwa na yeyote.

Mzee bado anaandika 045. Nilimwambia sasa anaweza kuacha sifuri, akaniuliza kama kule kwenye karatasi nako kuna programu ya kuzuia mtu asichomeke 1. Hakuna. Sifuri imebaki.

Na zile 198,000? Mama mdogo hakupiga kelele. Alisubiri mbalamwezi, kibanda kimetulia, boti zimefungwa, akakaa kwenye kompyuta na miwani yake. Mfumo una kanuni za kulipa watu pia: ya kuli, ya karani. Akafungua mpya, akaipa jina "fundi". Akaniuliza ile alama ya mkwaju ndiyo ya kugawanya, nikasema ndiyo, mama. Akaandika kwa kidole kimoja:

ujira - 198000 / 6

Kichambuzi changu kikautembelea mti, hakikukuta mchanga, kikapitisha. Zimebaki awamu mbili.